Flashi ya GB 64 kwa PS4? Haitakubali

Ndugu, hiyo flashi ya GB 64 unayotaka kuchomeka kwenye PS4 ili uhamishie magemu, mashine itaikataa. Inataka kuanzia GB 250, tena USB 3.0. Angalia mdomo wake: mara nyingi plastiki ya ndani ni ya buluu, au utaona alama ya SS.

Hata ukipata ya GB 256, mimi ningefikiria mara mbili. Flashi nyingi huanza kunakili kwa kasi, halafu zinachoka. Yangu ilikuwa ndogo kama kucha. Baada ya nusu saa iliwaka moto hadi kuichomoa nikatumia kitambaa, na gemu halijafika hata nusu! SSD ndogo ya nje (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) inavumilia zaidi. Hata hard disk ya kawaida nayo inafaa, ila gemu huchelewa kufunguka.

Kabla ya kuchomeka chochote, hamisha picha na mafaili yako, maana PS4 itakiformati na kufuta vyote. Halafu chomeka moja kwa moja, bila habu (kile kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa mengi).

Hiyo GB 64 usiitupe. Iformati kwa exFAT (mpangilio wa mafaili ambao PS4 inausoma), uwekee nakala za save zako, yaani pale ulipofikia kwenye magemu.