Kutembelea Al-Hijr, nchi ya Thamud

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Mimi na mume wangu tumemaliza Umra, sasa tupo Madina kwa siku nane. Wenzetu wa msafara wanataka tukodi gari twende AlUla kutwa moja, tukaone jangwa, makorongo na yale makaburi yaliyochongwa majabalini. Bibi mmoja katuambia ni haramu. Kweli? Na swala tutaswalije?

JIBU: Wa alaykumu salaam, mwanangu. Huyo bibi hakuzua. Mtume (s.a.w.) alipopita Al-Hijr, huko huko AlUla yalipo makaburi hayo, mwaka wa 9 Hijria akielekea Tabuk, aliwaambia maswahaba wasiingie kwa wale walioadhibiwa, yaani Thamud, watu wa Nabii Saleh, ila wakiwa wanalia. Kisha akajifunika kichwa, akaharakisha mpaka akalivuka bonde. Imo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Umar. Watu walikuwa wameshateka maji, wameshakanda unga. Akaamuru maji yamwagwe, unga wapewe ngamia, na wateke kwenye kisima alichokuwa akinywa ngamia wa Nabii Saleh. Hebu fikiri: safari ya dhiki, jua linachoma, donge limo mkononi, unaambiwa mpe ngamia.

Wapo watakaokwambia kwamba makaburi yale ni ya Wanabati, Waarabu wa kale waliokuja baadaye, si ya Thamud, na maandishi ya milangoni yanathibitisha. Ni kweli. Lakini Mtume alipita hapo makaburi yakiwa yameshakuwepo karne kadhaa, na bado akasema aliyoyasema. Hukumu imeshikana na ardhi, haikuuliza nani kachonga.

Mimi sisemi haramu. Anayeingia kwa khofu na mazingatio, Hadithi yenyewe imemwachia mlango, na machozi hayalazimishwi. Ninachokikataa ni picha za kuchekacheka mbele ya yale majabali. Mkitaka kutembea tu, ishieni Jabal Ikmah, korongo lililojaa maandishi ya kale, na lile jabali lenye umbo la tembo. Al-Hijr si lazima mfike.

Madina mnaswali kamili, maana mmenuia kukaa siku nane. AlUla ni zaidi ya kilomita 300, hivyo mkishayapita majengo ya Madina, punguzeni Adhuhuri, Alasiri na Isha ziwe rakaa mbili mbili, na kuchanganya swala mbili kwa wakati mmoja kunafaa. Ndani ya Al-Hijr msiswali. Wala msitayamamu, yaani kujipaka mchanga badala ya kutawadha, kwa kuwa mchanga umejaa tele ilhali chupa za maji zimo garini. Maghribi ni rakaa tatu vilevile, hata mkiichelewesha kwa nia ya kuichanganya na Isha. Ziswalini njiani kabla hamjaingia Madina.