Maswali na Majibu: Hela za Mwezini, Kahawa ya Mbozi

Toleo lililopita nilidokeza, tena kwa sentensi mbili tu, kwamba safari za anga si upuuzi wa matajiri kama tunavyopenda kusema vijiweni. Simu haijatulia tangu hapo. Nimechagua maswali machache. Walionitukana nimewasamehe. Waliouliza mambo niliyokwisha kuyajibu nimewajibu kwa mkato, na wasinune.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Watu wanakufa njaa halafu Wamarekani wanatupa mabilioni Mwezini. Hizo hela si zingelisha maskini? (Msomaji, Mwanjelwa)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali hili hunijia kila mwaka kama viwavijeshi, na mwenye kuuliza hulituma kwa simu. Minara mingi ya simu hulinganisha saa zake kwa setilaiti, ila hilo tuliache.

Kwanza, hakuna dola iliyotupwa Mwezini. Kule yamebaki mabati. Dola zenyewe zililipa wachomeleaji, wahasibu na wapishi wa kantini, hapa hapa duniani. Pili, shirika lao la anga, NASA, hutumia kama dola bilioni 25 kwa mwaka. Ni nyingi, lakini hazifiki hata nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali yao. Ukizigawa kwa vichwa, kila Mmarekani anachangia dola 75 hivi kwa mwaka. Mwaka 2023 dunia ilitumia zaidi ya dola trilioni 2.4 kwa majeshi, karibu mara mia ya hizo. Sijapata hata ujumbe mmoja kutoka Mwanjelwa wa kulalamikia hilo.

Aliyekuwa na haki ya kuuliza ni Mchungaji Ralph Abernathy, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi. Julai 1969, siku moja kabla ya kuruka kwa Apollo 11, safari ya kwanza ya watu kutua Mwezini, alikwenda kituo cha roketi cha Cape Kennedy na familia maskini na mkokoteni wa nyumbu (chotara wa punda na farasi, si hawa wa Serengeti), akamkabili mkuu wa NASA kwa hoja yako hii hii. Miaka ile ulikuwa mzigo kweli: mwaka 1966 NASA ilimeza zaidi ya asilimia nne ya bajeti, na kodi ilikuwa ya akina Abernathy. Mkuu yule, Thomas Paine, alimjibu kwamba kama kuacha kurusha roketi kungemaliza umaskini, basi asingebonyeza kitufe. Jibu zuri, ingawa halikumshibisha mtu. Wewe na mimi hatukutoa hata ndururu. Tunakula matunda bure, kisha tunamkaripia mwenye shamba kwa nini alinunua mbolea.

Swali: Hivi kweli walifika Mwezini? (Wasomaji kumi na mmoja, sehemu mbalimbali)

Jibu: Walifika. Mara sita, watu kumi na wawili, kati ya 1969 na 1972. Msiniulize tena.

Swali: Mimi ni dereva wa basi la Mbeya na Dar. Kile kifaa cha LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kinanipigia kelele kila nikizidisha mwendo. Nacho kinatoka huko angani?

Jibu: Mwendo wako kinaupata kutoka setilaiti, ndiyo. Punguza mwendo. Na ninyi abiria mnaokaa nyuma ya dereva wa namna hii pale mlima Kitonga, acheni kumshangilia.

Swali: Vijana wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, wamekuja na simu zao, wakazunguka shamba langu la kahawa wakipima. Wanasema ni sheria ya Ulaya na mambo ya setilaiti. Nimewafukuza. Nimekosea? (Mkulima, Mbozi)

Jibu: Umekosea, mzee mwenzangu, ila kosa lako lina sababu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini sheria yenyewe ipo. Inataka kahawa, kakao, mbao na mazao mengine machache yanayoingia kwao yaonyeshe yametoka shamba gani hasa, kwa namba za mahali. Shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020, mazao yake hayapokelewi. Mkulima mdogo ambaye shamba lake halizidi hekta nne anatakiwa nukta moja tu, si mpaka mzima. Waulize wale vijana kwa nini walikuwa wanazunguka. Inawezekana na wao hawajaambiwa.

Sasa, watajuaje kama ulifyeka? Hawahitaji kuja Mbozi. Setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 hupita juu ya shamba lako kila baada ya siku tano hivi, na mawingu yakiruhusu hupiga picha ambayo kila nukta yake ni mita kumi kwa mita kumi. Zile za Marekani, Landsat, zilianza kupiga picha za nchi kavu mwaka 1972, na tangu 2008 yeyote anazichukua bure. Nimesema bure, sikusema kwa bei nafuu. Mwanao akiwa na kompyuta na bando anaweza kulitazama shamba lako lilivyokuwa kabla hajazaliwa mjukuu wako wa kwanza.

Lakini kahawa yetu hukua chini ya miti ya kivuli, migrevilea, pamoja na migomba. Kutoka juu kompyuta inaweza kuiona kama msitu. Ukija kuangusha ile migrevilea upate mbao za kuezekea, kwa kompyuta umefyeka msitu. Nani atasimama aseme hapana, ile ilikuwa kahawa tangu enzi za baba yake? Anatakiwa mtu anayeijua picha na anayeijua Mbozi, vyote viwili kichwani mwake. Picha tunazo tele. Mtu huyo ndiye hatuna, au tunaye mmoja na amekalishwa ofisini akijaza fomu za posho. Sisi huku tunabishana kama Wazungu wanapoteza hela angani, na huko angani ndiko shamba lako linakohukumiwa wewe ukiwa hujui kesi imeanza.

Waite wale vijana, wape chai. Wasiondoke bila kukuachia nakala ya walichoandika.

Swali: Roketi zimetoboa anga, ndiyo maana mvua zimekuwa za shida. Ni kweli? (Msomaji, Ubaruku)

Jibu: Hapana. Swali hili lingetoka Tukuyu kwenye mvua tele ningelicheka tu, lakini kutoka Ubaruku, kwenye mpunga wa Usangu, limeniuma. Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi mwaka 1993, na hakuna roketi iliyohusika. Maji yaliingia kwenye mifereji ya mpunga tuliyoichimba wenyewe kwa makoleo yetu, na mifugo ikaingia kwenye ardhi oevu. Picha za setilaiti za bonde la Usangu za miaka ile na za sasa zinaweza kuwekwa sambamba mezani. Hazina adabu zile picha, hazimfichii mtu aibu.

Swali: Niko kidato cha nne, Iringa. Kwa nini tusijenge kituo cha kurushia roketi Mbeya? Tuko juu, karibu na mbingu, na majirani wanatupita.

Jibu: Swali zuri lenye sababu mbaya. Urefu wa mlima hauisaidii roketi kwa lolote la maana. Kinachoisaidia ni mzunguko wa dunia, ambao kwenye ikweta una kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, kwa hiyo hurushwa kuelekea mashariki ili isukumwe bure. Vipande vilivyoishiwa mafuta hudondoka njiani. Ukirushia Mbeya, vitawaangukia watu wa Kilombero mashambani. Ndiyo maana vituo vingi hujengwa pwani, bahari ikiwa upande wa mashariki.

Waitaliano waliliona hilo zamani, wakasimamisha jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya inapoadhimisha uhuru wake, ilirushwa pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kupima eksirei zinazotoka kwenye nyota, na aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota duniani kote. Muulize mwalimu wako wa fizikia kama anaifahamu. Kama shule yenu haina mwalimu wa fizikia, basi umekwisha kujua kwa nini hatuna kituo cha roketi.

Kuhusu majirani: Rwanda ilipeleka setilaiti mwaka 2019, Uganda 2022, Kenya ikapeleka Taifa-1 Aprili 2023, zote kwa roketi za watu wengine. Mimi sina wivu huo. Shule moja niliyofundisha ilipewa darubini na mfadhili. Ikafungiwa stoo miaka sita ili isivunjike, na siku ilipotolewa kuvu lilikuwa limekula lenzi. Nipeni kwanza walimu na maabara. Setilaiti isiyo na wa kuisoma ni ile darubini yetu, tofauti ni bei.

Swali: Na kupeleka watu kwenye sayari ya Mirihi, unakuunga mkono pia? (Msomaji, Makambako)

Jibu: Hapana, na hapa nitawaudhi walionipigia makofi hadi sasa. Mtu ni mzigo. Anataka hewa, maji, chakula, choo, na baya zaidi anataka kurudi kwao. Mashine haidai nauli ya kurudi. Gari dogo liitwalo Opportunity lilitua Mirihi Januari 2004 kwa kazi ya siku 90, likachapa kazi hadi Juni 2018. Chandrayaan-3 ya India ilitua upande wa ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa dola milioni 75 hivi. Kituo cha kimataifa cha anga, ambacho kina watu ndani, kimekwisha kumeza zaidi ya dola bilioni 100. Linganisha mwenyewe. Matajiri wanaotaka Mirihi waende kwa hela zao, na wasituambie kwamba wanatuokoa.

Swali: Kuna jamaa Tunduma anauza kipande cha Kimondo kwa laki nne, anasema huvuta biashara. Ninunue?

Jibu: Kimondo cha Mbozi kina tani 16 hivi, na karibu asilimia 90 yake ni chuma, kilichobaki zaidi ni nikeli. Mwaka 1930 mtaalamu wa miamba alitaka kipande cha sentimita 10 akapime. Alikereza kwa msumeno wa chuma saa kumi nzima. Huyo jamaa wako amepata wapi muda huo bila mlinzi kumwona? Amekata springi ya lori. Na kama kipande ni cha kweli, basi kimeibwa kwenye mali ya kale na nyote wawili mtaieleza polisi hiyo biashara iliyovutwa. Laki nne hiyo mpeleke mwanao akakione chenyewe pale kilima cha Marengi, itabaki nyingi.

Swali: Juzi jioni niliona nyota kubwa inatembea polepole, haimetimeti, haina kelele. Mke wangu anasema ni wachawi. (Msomaji, Uyole)

Jibu: Bila shaka ni kile kituo cha anga nilichokisema hapo juu, au setilaiti mojawapo. Kituo kiko kilomita 400 hivi kutoka ardhini, yaani ungekuwa unasafiri kwa basi ungekuwa umeipita Iringa kidogo tu. Kimekuwa na watu ndani bila kukosa tangu Novemba 2000, na huizunguka dunia kila dakika 90. Huonekana jioni baada ya jua kuzama au alfajiri, kwa sababu huku kwetu ni giza na kule juu bado kinapigwa na jua. Mtoe shemeji nje akaone. Ila kwa Uyole muwahi, kabla ukungu haujashuka.