Mtaa wa wageni katika mji wa kubuni: jibu la mtoto wa Lubumbashi

Ndugu, nimeyasoma mara mbili maelezo ya mji unaoubuni kwa hadithi yako. Mgodi wa mawe yanayong'aa, mnara wa mfalme, na nje ya ukuta mtaa wa wahamiaji waliotoka nchi ya ukungu: wote wamevaa joho la kijivu, wanasema kikwao, wanauza dawa na hirizi. Umeuliza ufanye nini ili mtaa huo upate uhai. Mimi nimezaliwa na kukulia katika mtaa wa wageni, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, Kongo (komini ni sehemu ya mji, na ndiyo, Kenya ni jina la komini yetu), basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza, hao watu wa ukungu waliitwa na nani? Umeandika tu kwamba "walikuja". Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, ikiitwa Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Mwaka huohuo reli ya kutoka kusini ikafika, na ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, kazi yake kutafuta vibarua. Walitafutwa Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Nyasaland (Malawi ya leo), Lomami na Kasaï humuhumu Kongo, hata Rwanda na Burundi. Nkambo wangu, yaani babu, alitoka Kasaï kwa treni, kwa njia ile iliyofunguliwa 1928, na kazi yake ilikuwa imeshaandikwa kwenye karatasi kabla hajauona mji. Alipewa nyumba na poso, yaani chakula cha mgao, ya kila wiki. Nyumba ilikuwa ya kazi, si yake; ndiyo maana alipostaafu alihangaika mpaka akapata lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, hapa Kenya. Ukishajua nani alilipa nauli, utajua mtaa umewekwa wapi na moshi wa mgodi unamwangukia nani. Hapa kwetu, kati ya mji wa Wazungu na mtaa wa kwanza wa Waafrika, Kamalondo ya leo, liliachwa eneo tupu kwa makusudi. Mimi ningeutoa ukuta wako nikaweka uwanja mtupu kama ule, ambao mtu wa ukungu akikutwa anauvuka usiku lazima ajieleze.

Sasa lugha, na hapa ndipo nakuomba ukae sana. Lupango wetu ulikuwa na milango minne na bomba moja. Sisi Waluba wa Kasaï, mlango wa pili Wabemba, wa tatu Walunda, wa nne Wasanga. Ndani kila mtu na kikwao. Kwenye bomba, saa kumi na moja alfajiri, ndoo zimepangwa, kila mtu Kiswahili, na hakuna hata nyumba moja kati ya zile nne iliyokuja nacho kutoka kijijini. Ni Kiswahili chetu, cha "batu" (watu) na "njo" (ndiyo) na "fasi gani" (mahali gani), ambacho mtu wa pwani akikisikia anashtuka kidogo. Watu wako wa ukungu hawawezi kuishi miaka hamsini kando ya mgodi huo wakabaki na lugha moja tu. Lazima wana jirani, na lazima wanagombania maji naye.

Nyanya yangu alisalimu kwa Kiluba: "Moyo wenu!" Watoto wa Kibemba, ambao Kiswahili ndicho walichokijua zaidi, walidhani anawauliza habari za moyo, basi wakawa wanajibu huku wamegusa kifua. Nyanya akapenda, akaanza kugusa chake pia. Wakafuata Walunda, wakafuata Wasanga. Mpaka leo, nikikutana mjini na mtu wa lupango ule, tunagusa kifua kabla ya kupeana mkono. Salamu hiyo hutaikuta Kasaï wala kwa Wabemba. Ilizaliwa pale kwenye bomba. Mtaa wako unakosa vitu vya namna hiyo: kila kitu umekitoa nchi ya ukungu, hakuna kilichozaliwa mtaani.

Chakula ni vivyo hivyo. Nyanya alizoea nshima, ugali wa Kasaï wa unga wa muhogo na mahindi. Mama yangu alikulia bukari, ugali wa huku kwetu wa mahindi matupu. Siku mama alipofika Mbuji-Mayi, mji wa Kasaï, kwa mara ya kwanza, wakamwekea nshima ya kikwao, alikula kwa heshima, usiku akaniambia amekumbuka bukari ya nyumbani.

Joho la kijivu liondoe kabisa. Aliyehama kutafuta maisha, akipata mshahara wa kwanza, anakwenda kwa fundi cherehani.

La mwisho ni zito, lakini usiliruke. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wa asili ya Kasaï waliambiwa warudi kwao. Waliitwa "bilulu", wadudu. Likasi na Kolwezi, miji mingine ya migodi ya Katanga, ndiko kulikochacha. Likasi watu walilala kituoni miezi wakingoja treni ya kwenda Kasaï, na wengi wa watoto wao hawakuwahi kuiona Kasaï hata siku moja. Shangazi yangu alitoroka Likasi akaja kwetu na kichwa cha cherehani alichokifunga kwa kitenge mgongoni, kama mtoto. Meza yake aliiacha kwa jirani. Asubuhi yake alitoka na ndoo akasimama nyuma ya foleni, hana la kusema. Mama wa Kibemba akamwita, "Dada, kuja huku," akamtanguliza mbele ya ndoo yake mwenyewe. Shangazi akagusa kifua. Hakuna aliyekuwa amemfundisha. Alikuwa ametuona sisi tukifanya.

Ukimaliza sura ya pili iweke hapa, ndugu. Nitatazama kwanza umeliweka wapi bomba.