Kompresa ya gereji ya nyumbani, tangi lisikudanganye

Mkuu umeuliza uchukue kompresa, yaani mashine ya kubana upepo, yenye tangi la lita 24 au la lita 50 kwa gereji ya nyumbani. Anayekujibu ni mtu aliyeshaunguza mota moja kwa hiyo nivumilie kidogo. Wewe umeanzia kwenye tangi, na mimi nilianzia hapohapo ndo maana yakanikuta.

Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya lita 50, ile ndogo isiyotumia oili ambayo mota na pampu vimeshikana moja kwa moja bila mkanda, stika imeandikwa HP 3 (nguvu ya mota) kwa maandishi makubwa mekundu, nikasema hapa nimemaliza kazi. Kujaza upepo tairi safi, kupuliza vumbi kwenye filta safi, nikaanza kujiona fundi. Siku nikachomeka sanda (mashine ya msasa wakuu, sio ile ya kuzikia) nisugue boneti ya gari ndo nikajua sijui kitu. Unasugua chini ya dakika moja mashine inalegea kama imelala njaa, unasimama, unasubiri kompresa ijaze huku inapiga kelele humo ndani hamsikilizani, unarudi unasugua tena kidogo, imekwisha. Boneti moja siku nzima, na kompresa haikupumzika hata kidogo maana nikisimama mimi yenyewe ndo inajaza. Wiki ya pili ikatoa harufu ya waya kuungua na ndio ikawa mwisho wake.

Hesabu nilikuja kuifanya baadaye na ni rahisi tu. Tangi la lita 50 likishuka kutoka bar 8 mpaka bar 6 (bar ni kipimo cha presha) linakuwa limekupa lita 100 za upepo wa kawaida usiobanwa, yaani 50 mara zile bar 2 zilizoshuka. Sanda nyingi zinakula kama lita 280 kwa dakika, ndo zile CFM 10 (futi za ujazo kwa dakika) kwenye karatasi zake. Sasa pampu yako ikitoa 140 unapungukiwa 140 kila dakika, kwa hiyo zile lita 100 zinaisha kama sekunde 43 hivi. Ukiweka tangi la lita 100 utapata dakika moja na nusu halafu unarudi palepale, tena na kusubiri kunakuwa kurefu maana tangi kubwa nalo linataka kujazwa. Tangi ni akiba tu, mshahara ni pampu.

Kwa hiyo anza na kifaa chako chenye njaa kuliko vyote. Impakti ya nusu inchi ya kufungulia nati haina shida sana kwa sababu unaibonyeza sekunde chache unaachia, hapo tangi linakusaidia kweli na hata kompresa ya wastani inatosha. Tairi ndo kabisa usiwaze. Wanaoua kompresa ni sanda, grainda ya upepo na bunduki ya rangi, hivi vinavuta mfululizo, bunduki za rangi nyingine zinataka lita 200 nyingine mpaka 400 kwa dakika, japo presha yenyewe wala sio kubwa. Watu wengi wanauliza "inafika psi ngapi" (kipimo kingine cha presha) wakati karibu vifaa vyote vya gereji vinafanya kazi kwenye psi 90, kama bar 6 na kidogo, na karibu kila kompresa inafika hapo. Uliza inatoa lita ngapi kwa dakika ikiwa kwenye hiyo presha.

Na hapo ndo pana ujanja. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni upepo unaoingia kwenye silinda kwa hesabu, sio unaotoka, kwenye hizi ndogo kinachokufikia kinaweza kuwa theluthi mbili au hata pungufu. HP nayo hivyohivyo, HP 1 ni wati 746, ile yangu ya "HP 3" kibati cha mota kilikuwa kimeandikwa wati 1500, piga hesabu mwenyewe. Ukiwa na geji ya presha na saa ya simu unaweza kupima kabla hujatoa hela: acha ijae, fungua upepo ishuke mpaka bar 6, funga, subiri mota iwake uhesabu sekunde kutoka bar 6 mpaka 8. Kama haijawaka kwa 6 ishushe zaidi kidogo, wewe anza kuhesabu mshale ukipita 6. Tangi la lita 50 likitumia sekunde 40 basi inatoa lita 150 kwa dakika. Muuzaji akikataa kuiwasha ondoka.

Aina sasa. Isiyo na oili ni nyepesi, haina matunzo, nzuri kwa mtu wa tairi na kupuliza vumbi, lakini nyingi zina kelele na zinachoka haraka zikifanyishwa kazi mfululizo. Zipo za kimya, kelele kwelikweli ni ndogo, ila angalia lita zake. Ya oili yenye mkanda ndo niliyonayo sasa hivi, pampu inazunguka taratibu kuliko mota, haichemki kijinga, na sauti yake ni ya kunguruma sio ya kupiga yowe. Oili weka ya kompresa, usimimine ya injini eti ndo iliyokuwepo.

Umeme watu wanausahau kabisa. HP 3 za kweli kwenye fezi moja ya volti 230 zinakula kama ampea 13 au 14, na wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo inataka laini yake ya umeme na breka yake (swichi ya kukata umeme ukizidi), sio soketi moja na friji. Usitumie ekstensheni ndefu nyembamba, volti zinashuka mota inahangaika kuanza inaungua. Refusha mpira wa kupitisha upepo, waya wa umeme uache mfupi.

Ukinunua iliyotumika, fungua koki ya chini ya tangi kwanza. Maji kidogo ni kawaida, yakitoka na magamba ya kutu achana nayo, na tangi lililochomelewa kiraka usilipeleke nyumbani hata ukipewa bure, hilo ni bomu. Halafu ikizima yenyewe lazima usikie "tsss" fupi, inaachia upepo wa kwenye bomba ili mota isianze na mzigo, usiposikia jua inakuja kukuunguzia mota. Vuta na pete ya valvu ya usalama uone kama inapumua.

Maji yenyewe, fungua koki kila ukimaliza kazi. Chujio la maji usilifunge mdomoni mwa kompresa, hapo upepo bado wa moto na maji ni mvuke, yanapita yanakuja kugeuka maji mbele kwenye rangi yako, liweke mita kadhaa mbele baada ya bomba la chuma. Na mabomba ya plastiki ya maji, yale ya PVC, msiyatumie kwa upepo jamani, yakipasuka yanaruka vipande kama chupa.

Sasa mkuu kama kazi zako ni tairi na impakti, hiyo ya lita 50 chukua, iwe ya oili, ya 24 itakuudhi mapema. Ila kama una mawazo ya kupiga rangi hata gari moja tu, tuambie kwanza bunduki yako inataka lita ngapi na hapo gereji umeme ukoje, maana hapo hakuna jibu kati ya hizo mbili ulizotaja.