Usaha wa nyonga unaorudi kila dozi ikiisha

Mkuu pole sana na kuuguza. Umeuliza kwa nini kidonda cha nyonga cha kaka yako aliyepooza kinafunga halafu kinafumuka tena wakati antibayotiki ameshameza nyingi tu. Mimi namuuguza mdogo wangu, bodaboda ilimvunja uti wa mgongo, donda la kulalia likamla mpaka mfupa wa kukalia, kwa hiyo nakuelewa.

Dawa inasafiri na damu. Kipande cha mfupa kikishakufa damu haifiki pale na dawa nayo haifiki, bakteria wamejificha humo wamejitengenezea utando, akimeza dozi homa inashuka usaha unakauka mnafurahi, ikiisha tu wanaanza upya. Hicho kipande kinatolewa tieta, hakuna kidonge cha kukiondoa.

Halafu waulize walipima nini. Mdogo wangu mwanzo walipangusa usaha wa juujuu ndo wakaenda kuotesha maabara wajue ni mdudu gani, sasa kidonda kiko jirani na haja kubwa hapo juu si kutakuwa na kila mdudu? Daktari wa mifupa tuliyempata baadaye alimsimamisha antibayotiki kama wiki 2 (hakuwa na homa, na usije ukaacha kwa uamuzi wako), akakata kipande cha mfupa wenyewe kikaoteshwa na kikapimwa TB pia, maana TB nayo inaingia nyonga na hizi dawa za kawaida haziimalizi. Mdudu alipojulikana ndo akapewa dawa yake, wiki 6, wakaanza na sindano.

Ila hata wakisafisha vizuri namna gani, akirudi kulalia palepale mfupa unaoza tena, na hapa ndo wengi tunaangukia. Kumgeuza kila masaa 2 usiku na mchana, pampasi isikae na unyevu, mayai, dagaa na maharage visikosekane, sukari ipimwe. Kwenye kiti ajinyanyue kwa mikono mara kwa mara. Mimi napitisha kiganja chini ya mto wa kiti akiwa amekaa, nikiusikia mfupa wake mkononi najua sponji imekufa, nabadilisha siku hiyohiyo. Kama choo kinaingia kidondani muulize daktari kuhusu kumtolea choo tumboni kwa muda (upasuaji wa kutoboa tundu tumboni, choo kitokee hapo kiingie kwenye mfuko), inatisha kuisikia lakini inasaidia sana kidonda kupona.

Akishikwa na homa ya kutetemeka au akaanza kuongea visivyoeleweka usisubiri siku ya kliniki, mkimbize emajensi usiku huohuo.