Makaratasi Hayajatulia, Kazi Haisubiri: Majibu kwa Wasomaji Walioko Marekani

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wenye digrii na ujuzi ambao makaratasi yao ya Marekani hayajatulia. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ajira ya hospitali, nikipokea fomu za watu kama nyinyi. Mimi si wakili, na panapohitaji wakili nitasema. Barua nimezifupisha; majina na miji nimeviondoa makusudi.

Shikamoo shangazi. Nina digrii ya uhasibu. Nilikuja kusoma, viza ikaisha, sasa nabeba maboksi ghalani. Nimeitwa kwenye usaili wa kampuni nzuri. Rafiki ananiambia nitie tiki mahali pa "raia", eti kampuni ndogo hazikagui. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Usiitie hiyo tiki, hata kama kazi inalipa mara tatu ya ghalani.

Tangu sheria ya mwaka 1986, kila mwajiri Marekani anatakiwa kuwa na Fomu I-9, ya kuthibitisha ruhusa ya kazi, ya kila mtu anayemwajiri. Sehemu ya kwanza unaijaza na kuitia saini wewe mwenyewe, na ndipo unapotamka wewe ni nani: raia, mwenye grin kadi, mgeni mwenye ruhusa ya kazi, na kadhalika. Kudai uraia usio wako si kosa kama makosa mengine. Kwa madai yaliyotolewa tangu tarehe 30 Septemba 1996, sheria inakufungia njia ya makazi ya kudumu, yaani grin kadi, maisha yako yote, na msamaha wake ni finyu kiasi kwamba usiuweke kwenye hesabu.

Sasa pima na hali yako ya leo. Uliingia kihalali, ukapitiliza muda. Mtu wa namna hiyo akifunga ndoa ya kweli na raia, kule kupitiliza muda, na hata kazi aliyofanya bila kibali, kwa kawaida havimzuii kuomba grin kadi akiwa humo humo nchini. Tiki moja inaifuta njia hiyo. Nimewahi kukaa na mama aliyekuwa na ndoa ya kweli na watoto wawili, na kilichomkwamisha ni fomu aliyojaza kiwandani miaka mingi nyuma, kwa ushauri wa rafiki. Sijamsahau.

Kwenye usaili mwajiri anaruhusiwa kukuuliza kama una ruhusa ya kufanya kazi Marekani, na kama sasa au baadaye utahitaji akudhamini kwa ajili ya viza. Uliingiaje, nani wa familia yako yuko wapi, kesi yako imefika wapi, hayo huna wajibu wa kumsimulia. Kunyamaza ni haki yako. Kudanganya ni jambo jingine kabisa. Kwa swali la kwanza jibu lako leo ni hapana, kwa hiyo kazi hiyo huwezi kuichukua, na najua jinsi linavyouma kwa mtu aliyesoma kama wewe. Peleka historia yako yote kwa wakili wa uhamiaji kabla ya kitu kingine. Wala usipande ndege kwenda nyumbani "kuanza upya" kabla hujamwona: mtu aliyekusanya zaidi ya siku 180 za kukaa isivyo halali, akitoka anaweza kufungiwa miaka 3, na kuanzia mwaka mmoja ni miaka 10. Kwa aliyeingia kama mwanafunzi hesabu ya siku hizo ina mambo yake, usiipige mwenyewe.

Huko ghalani nako, wakikukata saa za ziada, jua kwamba sheria ya mshahara wa chini na malipo ya saa za ziada inamlinda mfanyakazi bila kujali makaratasi yake.

Nimemaliza shahada ya uzamili ya uhandisi, niko kwenye OPT, ile ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi ya fani yake akishahitimu. Kampuni zote zinaniuliza kama nitahitaji udhamini. Nikisema ndiyo, hawanipigii tena. Naweza kusema hapana kwa kuwa leo sihitaji?

Swali lenyewe linasema "sasa au baadaye". Kama unafahamu kwamba baadaye utahitaji H-1B, viza ya kazi za kitaalamu ambayo mwajiri ndiye anayekuombea, jibu la kweli ni ndiyo. Lakini usiliache hilo "ndiyo" peke yake. Mwajiri anaogopa kwa sababu hajui hesabu, basi mpe hesabu. OPT ni miezi 12, na kwa fani yako ya uhandisi unaweza kuomba nyongeza ya miezi 24, alimradi mwajiri ameandikishwa kwenye E-Verify, mfumo wa serikali wa kuhakiki ruhusa za kazi. Hiyo ni miaka mitatu ya kazi kabla kampuni haijalipia viza yoyote. Mtu wa ofisi ya ajira akisikia hivyo kwa sentensi mbili, kwa sauti tulivu, hukaa vizuri kwenye kiti. Nimekaa kwenye kiti hicho.

Kisha badili mahali unapotafuta. H-1B za kawaida ni 65,000 kwa mwaka, na 20,000 zaidi kwa wenye shahada za uzamili za Marekani, na waombaji huwa wengi kuliko nafasi, ndiyo maana kuna droo kila Machi. Lakini vyuo vikuu, mashirika yasiyo ya faida yaliyofungamana navyo, na taasisi za utafiti zisizo za faida au za serikali haziko ndani ya idadi hiyo. Zinaomba wakati wowote wa mwaka, bila droo. Maabara ya chuo inaweza kulipa chini ya kampuni, na bado mimi ningeanzia huko. Fahamu pia kwamba tangazo la rais la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, kwa hiyo swali la kutoka nchini katikati ya mchakato mwulize wakili kwanza.

Na hesabu siku zako za kukaa bila kazi: kwenye OPT ya kwanza ni 90 tu. Kazi ya kujitolea inayohusu fani yako, angalau saa 20 kwa wiki, huhesabika kuwa kazi katika kipindi hicho. Kwenye nyongeza ya miezi 24 kazi lazima iwe ya mshahara.

Mimi ni muuguzi, nilisomea nyumbani. Kesi yangu ya kuomba hifadhi ya ukimbizi bado iko mezani, kibali cha kazi ninacho lakini kinaisha mwakani. Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Je, inafaa kupigania leseni wakati sijui kama nitabaki? Na nimwambie bosi kuhusu kibali?

Inafaa, dada yangu. Hifadhi inaweza kuchukua miaka, na miaka hiyo itapita iwe umesoma au hukusoma. Uthibitisho wa masomo yako, mtihani wa uuguzi wa NCLEX-RN na leseni ya jimbo vinakwenda kwa njia yao, kesi kwa njia yake. Anza na bodi ya uuguzi ya jimbo unaloishi, maana masharti yanatofautiana na kuna majimbo yanayodai namba ya Social Security, ambayo wewe mwenye kibali unaweza kuipata. Agiza nakala za matokeo kutoka chuo chako cha nyumbani leo. Hapo ndipo wengi hukwama miezi na miezi, wala si kwenye mtihani.

Kuhusu kibali, maombi ya kukihuisha yanaruhusiwa kuanzia siku 180 kabla ya mwisho wake. Yapeleke siku hiyo hiyo ya 180. Zamani ungekuwa na utulivu, kwa sababu kibali kilichoombewa mapema kiliongezwa chenyewe hadi siku 540, lakini kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025 nyongeza hiyo imeondolewa. Maana yake unaweza kuomba kwa wakati na bado ukabaki na pengo.

Ndiyo maana bosi mwambie, ila mwambie tarehe na si kesi. "Kibali changu kinaisha siku fulani, nimeshaomba kipya, kikichelewa naomba likizo bila malipo." Ofisi ya ajira ina tarehe hiyo kwenye faili lako tayari. Nimeona watu wazuri wakiacha kazi kwa aibu siku kibali kilipoisha, wakati likizo ya wiki sita ingewarudisha kwenye kiti chao. Hifadhi ikikubaliwa, haki ya kufanya kazi inakuja na hadhi yenyewe, hata kabla kadi mpya haijafika.

Nikipata ITIN, nitaweza kuajiriwa?

Hapana. Ni namba ya kodi inayoanza na 9, na haimpi mtu ruhusa ya kazi. Inasaidia kuonyesha kwamba umelipa kodi, jambo linalopendeza kwenye faili la uhamiaji. Ila mwaka 2025 IRS, yaani mamlaka ya kodi, na wizara inayosimamia uhamiaji walitia saini makubaliano ya kupeana taarifa, na suala likafika mahakamani, kwa hiyo kama hujawahi kujaza kodi ongea na wakili kabla ya mara ya kwanza.

Kuna mtu mtaani ni "notary public", anatujazia fomu kwa bei nzuri. Si ni wakili?

Kwetu Kenya na Tanzania aliye na cheo hicho huwa ni wakili, na hapo ndipo tunapoumizwa. Marekani ni mtu wa kushuhudia saini, basi. Hana mamlaka ya kukushauri uchague fomu gani. Anayeruhusiwa ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria kupitia shirika linalotambuliwa. Hao wa pili wengi hutoza kidogo sana. Kama ameshakujazia kitu, dai nakala ya kila karatasi.

Kaka yangu ana H-1B, amepunguzwa kazini Ijumaa. Ana mke na mtoto. Ana muda gani?

Hadi siku 60, au hadi tarehe iliyo kwenye I-94 yake, rekodi ya kuingia nchini, kama iko karibu zaidi. Hesabu huanza ajira inapokoma, na kiinua mgongo hakiirefushi. Katika muda huo mwajiri mpya awe amepeleka ombi, au yeye awe ameomba kubadili hadhi, au aondoke. Kwa kuwa alishahesabiwa kwenye droo, harudi kwenye foleni ile. Kama ombi lake la grin kadi kupitia kazi, I-140, lilishakubaliwa, kwa kawaida atabaki na tarehe yake ya foleni hata kwa mwajiri mwingine, kwa hiyo aombe nakala kabla barua pepe ya kazini haijafungwa. Na mwajiri aliyemwachisha kabla ya muda wa viza anawajibika kugharamia nauli ya kumrudisha kwao, akichagua kurudi. Wachache huidai.

Nililetwa na wazazi mwaka 2010 nikiwa na miaka 9. Nimemaliza shahada ya sheria. DACA, ule mpango wa kuwalinda na kuwapa kibali cha kazi walioletwa utotoni, siipati kwa sababu ya mwaka. Nilisoma bure?

Hukusoma bure, na naandika hili nikiwa na uchungu juu yako. DACA inadai uwe umeishi nchini tangu tarehe 15 Juni 2007. Umekosa kwa miaka mitatu ambayo hukuichagua wewe. Lakini leseni na ruhusa ya kazi ni vitu viwili. Tarehe 2 Januari 2014 Mahakama ya Juu ya California ilimkubali Sergio Garcia kuwa wakili akiwa hana makaratasi, na mwaka huo huo jimbo likapitisha sheria inayozuia bodi zake za taaluma kumnyima mtu leseni kwa sababu ya hadhi ya uhamiaji. Leseni ile haikumfanya aweze kuajiriwa na kampuni, na mahakama ililisema hilo waziwazi. Ilimpa jina la taaluma yake. Majimbo mengine hayaruhusu, kwa hiyo soma masharti ya jimbo kabla ya kulipia mtihani wa uwakili, na kwenye fomu ya maadili jibu kila swali kwa ukweli: bodi zimezoea hadhi ngumu, ila uongo haziuvumilii.

Halafu kaa na wakili wa uhamiaji na umweleze kila kitu, hata yale unayodhani hayahusu: uhalifu uliowahi kukupata, ndugu walio raia, ombi ambalo mzazi wako aliwahi kufanyiwa zamani. Mwulize mama yako leo kama kuna karatasi za namna hiyo kwenye lile sanduku lake.