Kontrasti ya monita: pima weusi wake, tena ndani ya chumba chako

Ukiona boksi la monita limeandikwa kontrasti ya milioni kadhaa kwa 1, usitoe pesa kwa ajili ya hiyo namba. Hiyo ni kontrasti badilifu. Monita hufifisha taa yake ya nyuma picha ikiwa nyeusi tupu na kuizidisha picha ikiwa nyeupe, halafu vipimo viwili ambavyo macho yako hayatavikuta pamoja vinagawanywa. Mimi natafuta kontrasti tuli, yaani ile inayopimwa taa ya nyuma ikiwa haibadiliki, na nikipata nafasi naipima mwenyewe.

Hesabu yake ni ndogo: gawanya mwangaza wa nyeupe kwa mwangaza wa nyeusi. Nyeupe ikiwa kandela 120 kwa mita ya mraba na nyeusi 0.12, umepata 1000:1, ndiyo kawaida ya paneli nyingi za IPS (aina moja ya skrini zenye taa ya nyuma). VA nyingi (aina nyingine yenye taa ya nyuma) hufika 3000:1 hivi kwa sababu nyeusi yake hushuka hadi 0.04. OLED, skrini ambayo kila pikseli (nukta ya picha) hujiwakia, huzima pikseli yenyewe, basi nyeusi ni sifuri na huna cha kugawanyia.

Ugumu wote uko kwenye nyeusi. Nyeupe hupimwa vizuri hata na kolorimita (kifaa cha kupima mwanga na rangi za skrini) ya bei ya chini, lakini kwenye giza ikikosea 0.02 tu, ikasoma 0.10 badala ya 0.12, ile 1000 inageuka 1200. Ndiyo maana naiacha monita iwake nusu saa kwanza, nazima taa za chumba, nazima kontrasti badilifu kwenye menyu, kisha nasoma nyeusi mara kadhaa palepale katikati ya skrini. Ukilinganisha monita mbili, zirekebishe nyeupe ya zote ifike 120 kabla ya kupima chochote. Hakikisha pia kompyuta inatuma rangi kamili, 0 hadi 255. Ikituma 16 hadi 235 kwa monita inayotarajia rangi kamili, nyeusi huwa kijivu, nawe utailaumu paneli bure.

Huna kolorimita? Kamera inayokuruhusu kupanga kila kitu kwa mkono inatosha kulinganisha. Usibadilishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) wala tundu la lenzi. Piga skrini nyeupe kwa 1/50 ya sekunde, halafu piga nyeusi ukirefusha muda hadi picha zote mbili zilingane kwa mwangaza. Zikilingana kwenye sekunde 20, uwiano ni 1000:1. Nyeupe usiipige kwa kasi kubwa, maana taa za nyuma za baadhi ya monita huwaka na kuzima upesi upesi na zitakuvurugia kipimo.

Sasa washa taa za chumba upime tena. Hapa ndipo ninaposisitiza kuliko pengine pote. Skrini ikiakisi kandela 0.6 tu za mwanga wa chumba, nyeusi ya VA inakuwa 0.64 na ya IPS 0.72. Uwiano unashuka hadi kama 188:1 kwa VA na 167:1 kwa IPS. Ile tofauti ya mara tatu imeyeyuka, na hakuna karatasi ya sifa itakayokwambia hivyo.

Kwa anayefanya kazi mchana karibu na dirisha, ningemshauri atafute skrini isiyoakisi sana na yenye mwangaza wa kutosha, kontrasti ifuate baadaye. Anayetazama filamu gizani achukue VA bila wasiwasi, mradi akae mbele yake kabisa, kwa sababu nyeusi ya VA hupauka ukiitazama kwa upande.